Jinsi ya Kutazama Maji Yakianguka Nairobi: Mwongozo kwa Mtu wa Bumula

Jambo la kwanza ni kukubali moyoni kwamba utalipa ili uone maji yakianguka. Likubali ukiwa bado Bumula, kabla basi la usiku halijaondoka Bungoma, kwa sababu ukisubiri kulikubali langoni mwa Msitu wa Karura utamwaibisha mpwa wako mbele ya watu waliovaa viatu vya kukimbilia. Yeye amekaa Nairobi miaka mingi na amezoea kulipia kila kitu, hata mahali pa kusimamisha gari ambalo si lake. Alipokuita khocha, yaani mjomba, akakuambia "Jumapili twende tukatembee," hakutarajia ungemuuliza askari wa lango maji hayo yamechotwa wapi hadi yakawa ya kuuzwa.

Hata hivyo, swali lako lina msingi. Mtu wa Bumula amekua akiujua mto kwa kazi zake. Mto hunywesha ng'ombe, hufuliwa nguo, hufyatuliwa matofali kando yake, na Agosti ya mwaka wa shufwa hutoa matope. Kijana wa Kibukusu anayepashwa tohara hupelekwa mtoni alfajiri, akapakwa matope mwilini, kisha akarudishwa nyumbani kwa nyimbo akiwa tayari kukabili kisu. Mto wa namna hiyo ni mtumishi wa umma. Mto Karura, pale unapopita msituni, haudaiwi na ng'ombe wala nguo wala kijana. Umeajiriwa kazi moja tu, kuanguka, nao huifanya usiku na mchana bila likizo, kwa kimo cha takriban mita 15.

Kuhusu mavazi, iache suti ya kanisani. Najua Jumapili ni Jumapili, na najua ile suti ya kahawia ulishonewa kwa heshima ya harusi ya kifungua mimba wako. Lakini Karura watu huvaa kana kwamba wako karibu kukimbia, wakiwemo wale ambao mara yao ya mwisho kukimbia ilikuwa shule ya msingi. Wana raba, kofia, suruali za kubana na saa za mkononi zinazohesabu hatua. Ile hesabu ya hatua husomwa kwa sauti wakati wa chai, kwa hiyo jizoeze kusema "Hongera" bila kucheka. Kama huna raba, viatu vyako vya soli ya mpira vitakufaa kuliko unavyodhani, maana njia ni za udongo, na mvua ya Aprili haiulizi mtu anatoka mtaa gani.

Pesa za soksini ziache soksini. Langoni noti haina kazi. Hulipwa kwa simu. Kwa miaka mingi Mkenya mtu mzima alikuwa akilipa shilingi 100, lakini viwango hubadilika, basi mwache mpwa aulizie mapema. Na usishangae akikusimulia kwamba shilingi hizo zimewahi kufika mahakamani. Mwaka 2025 shirika la misitu la serikali, KFS, lilitaka malipo yote yapitie eCitizen, nao wananchi wa chama cha Friends of Karura Forest wakaenda kortini kupinga. Sisi tumezoea kesi za mipaka ya mashamba na ng'ombe walioingia kwenye mahindi. Nairobi wana kesi ya nani apokee mia moja ya mtu aliyekuja kutazama maji.

Ufike vipi? Matatu za Ruaka na Banana hupita Barabara ya Limuru. Mwambie kondakta akushushe mkabala na ubalozi wa Ubelgiji. Litamke jina hilo kwa utulivu, kama mtu ambaye hushukia hapo kila siku. Kondakta atakutazama mara mbili, kisha atakushusha.

Sasa fungua ule mfuko uliopakiwa na mkeo. Chupa ya plastiki itoe. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo zinazohifadhiwa nchini, na askari wa lango anaijua tarehe hiyo kama anavyojua siku ya mshahara. Maji yako yatie katika chupa ya chuma, zile ambazo mpwa wako anazo tatu na zote alipewa kwenye semina. Pombe haingii. Spika ya muziki haingii. Ukishatoa hayo yote utaona mfukoni amebaki kuku, na kuku hana kesi, ili mradi aliwe mahali palipotengwa na mifupa irudi nayo nyumbani. Ila uwe macho. Kima wa Karura wamesoma. Humtambua mgeni kwa jinsi anavyoweka mfuko chini ili afunge kamba ya kiatu, na hawaibi mkate kama kuna paja. Mbega, wale weusi wenye mkia mweupe waliohamishiwa hapa kutoka Kipipiri, wana adabu zaidi. Hukaa juu ya miti na kukudharau kutoka huko.

Ukiingia, jihadhari na salamu. Bumula humpiti mtu njiani bila kumsalimu, na ukimpita, habari hufika nyumbani kabla yako. Karura, ukimwambia "Mulembe!" mtu aliyeziba masikio kwa vipokea sauti, ataruka kando akidhani umemwonya kuhusu nyoka. Salamu inayokubalika ni kuinua kidevu kidogo, mara moja, na kuendelea. Mbwa ndiye husalimiwa kikamilifu. Mbwa huulizwa jina, umri na afya, huku mwenye mbwa akibaki bila kuulizwa lolote. Usiulize mbwa huyo anapelekwa wapi. Hapelekwi popote, anatembezwa.

Wala usitafute njia kama ulivyozoea, "mpaka pale kwenye mwembe, halafu kwa yule mwalimu mstaafu." Njia panda za Karura zina vibao vyenye namba. Mpwa wako atafungua ramani kwenye simu, ataigeuza juu chini, atatangulia kwa kujiamini, kisha atarudi kimyakimya. Mvumilie. Bumula nawe humtuma mtu wa Nairobi dukani na kumwona akirudi na kitu kingine.

Humo msituni kuna tanuri kuukuu ambamo Benki Kuu ya Kenya ilikuwa ikiteketeza noti zilizochakaa. Hapa ndipo ratiba huvurugika. Mtu wa Bumula husimama. Huuliza zilikuwa noti za ngapi, zilikuwa zimechakaa kiasi gani, na kama kweli hapakutokea mtu wa kujitolea kuzipokea zilivyo. Atalizunguka tanuri, atachungulia ndani, atanusa. Usimharakishe. Kwa maoni yangu hicho ndicho kivutio kikuu cha msitu mzima, na sielewi kwa nini watu hupiga picha maji.

Karibu na maporomoko kuna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha enzi za hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mpwa atakueleza habari hizo kwa sauti ya mwalimu mgeni. Msikilize mpaka mwisho, kwa heshima, maana ni kweli na ni kubwa. Kisha mweleze nawe kuhusu Chetambe, kile kilima kilicho juu ya mji wa Webuye, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijifungia ngomeni wakakabiliana na bunduki za Waingereza, wakauawa kwa wingi bila kukubali kwamba wametawaliwa. Akikiri kwamba hajawahi kupanda kilima hicho, usimkemee. Muulize tu kama angekwenda endapo pangekuwa na mkahawa.

Na sasa maji yenyewe. Utayasikia kabla ya kuyaona, na sauti itakuahidi makubwa. Shuka ngazi polepole, zimelowa. Ukifika chini utaona mwamba mweusi, juu yake miti iliyoinama, na kutoka ukingoni pazia la maji likishuka ndani ya kidimbwi. Mwezi wa Februari pazia hilo huwa jembamba kiasi cha kuhesabu nyuzi. Mei, mvua ikiwa imeshiba, hugeuka rangi ya chai ya maziwa na kurusha manyunyu hadi mahali uliposimama, na miwani ya mpwa wako hupata ukungu. Hapo atakugeukia.

"Khocha, unaonaje?"

"Yanaanguka."

Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi. Amelipa, ametembea, amepotea njia mara kadhaa kwa ajili yako. Sema: "Pametulia." Kisha nyamaza kwa muda unaotosha chai kuchemka, macho yakiwa kwenye maji, mikono nyuma. Mtu wa mjini hupima kufana kwa safari kwa urefu wa kimya hicho. Ukikivunja mapema kwa kuuliza bei ya shamba la upande wa pili, umeharibu kila kitu.

Baada ya kimya hufuata picha.

"Khocha, geuka kidogo. Usiniangalie mimi, angalia maji."

"Nikiangalia maji, nani atajua ni mimi?"

"Watajua."

"Watajua kwa kisogo?"

Mtii. Picha ya kisogo ndiyo mtindo. Iwapo utaona bwana na bibi harusi wakipangwa juu ya mawe na mtu mwenye kamera kubwa kama jiko, fahamu kwamba hao wamelipa zaidi yako, kwa hiyo usijipenyeze katikati yao hata kama umemtambua bwana harusi kuwa mtu wa kwetu Kimaeti. Mpungie mkono wakati wa kuondoka.

Usioge, usinawe, usinywe. Najua mtu aliyekulia kando ya mto hushikwa na hamu ya kunawa uso akiona maji yanayotembea. Lakini mto huu umepita nyuma ya nyumba nyingi za watu kabla ya kufika hapa, na mito ya Nairobi hubeba siri za wenyeji wake. Utazame tu, kama unavyotazama keki ya watu.

Kuna sehemu moja ya ziara ambayo mpwa wako hataiweza, kwa kuwa alikuwa hajazaliwa au alikuwa bado ananyonya, na hapo wewe ndiye mwongozaji. Keti juu ya gogo umsimulie yale uliyoyasikia redioni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vya msitu huu vilikuwa vimegawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai alifika langoni na miche ya kupanda, akiwa na wabunge, wanahabari na wenzake wa Green Belt Movement. Walipokewa na vijana waliokodiwa, wenye marungu na mijeledi. Profesa akapigwa akapasuka kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa, aliitia alama kwa damu yake mwenyewe. Siku zilizofuata wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani, vitoa machozi vikafuka, na dunia ikauliza kuna nini Nairobi. Agosti mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Wala mambo hayakuishia kwenye tuzo. Kwa miaka mingine kadhaa Karura iliogopwa. Ilijulikana kwa majambazi na kwa maiti zilizotupwa, na hakuna aliyeingia humo kuhesabu hatua. Chama cha wenyeji kilianza mwaka 2009, kikashirikiana na KFS, ukajengwa uzio wa umeme, wakaajiriwa vijana wa kulinda, ndipo wakaja watu wa raba, na nyuma yao mbwa. Kwa hiyo ile mia unayoilalamikia tangu Bumula si bei ya maji. Ni bei ya kwamba hapa hapakujengwa nyumba thelathini zenye ua wa mawe na jina la Kiingereza getini.

Mpwa akishasikia hayo atanyamaza kidogo, kisha atauliza swali ambalo mwongozo huu hauwezi kukukinga nalo: "Khocha, kwani sisi kwetu hatuna maporomoko?"

Tunayo, mwanangu. Tena si ya mita kumi na tano za mto wa kurukwa. Mto Nzoia unakusanya maji ya Cherang'any na ya Mlima Elgon, na kabla ya kwenda zake Ziwa Victoria unaanguka Nabuyole, mwendo mfupi kutoka mjini Webuye. Maji yanagawanyika kwenye mawe, yanapishana, yanakutana tena chini kwa kishindo. Wakoloni waliyathamini kiasi cha kuupa mji mzima jina la Broderick Falls. Sisi tuliurudishia mji jina letu, jambo jema, kisha tukayasahau maji, jambo ambalo halikuwa sehemu ya uhuru. Kizazi kizima kilijua Webuye kwa kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, ambacho harufu yake ilimpokea abiria kabla ya mji. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, harufu ikaondoka, kazi zikaondoka nayo, maji yakabaki yanaanguka. Mwaka huohuo, angalia, Nairobi walikuwa wanaunda chama cha kulinda mto ambao ng'ombe wetu wangeuvuka bila kunyanyua mkia.

Kutembelea Nabuyole kuna taratibu zake pia, ingawa hakuna aliyeziandika kwenye kibao. Hakuna njia panda yenye namba. Kuna mtoto mwenye fimbo ambaye atakuelekeza kwa kidevu na kukufuata ili ajue umekuja kufanya nini. Ukimwambia umekuja kutazama maji, atakutazama kwa huruma. Hujaja kuvua, hujaja kufua, hujaja kuchota mchanga. Atawaita wenzake, na kwa saa nzima ninyi mtatazama maji nao watawatazama ninyi, na sioni ni nani kati yenu atakayekuwa amepata burudani bora zaidi. Mimi sijakuta mtu wa kunikatia tiketi huko, wala wa kuniuliza plastiki, na plastiki yenyewe inaonekana ilisikia habari hiyo ikaja kwa wingi.

Viongozi wetu hawajayasahau maporomoko haya hata kidogo. Utalii wa kaunti ukitajwa katika hotuba, Nabuyole haikosi kutajwa, karibu na mwisho, baada ya miwa na kabla ya wimbo. Wapo watakaokuambia kwamba tunangojea mwekezaji. Karura hawakungojea mwekezaji. Wawekezaji ndio waliofukuzwa. Mpango mzima wa mwanzo ulikuwa wanawake wenye miche, kisha majirani wenye hasira, kisha waya. Tofauti yetu na Nairobi katika suala hili si fedha. Nzoia ina majirani wengi kuliko Karura, na hasira tunayo ya kutosha, ila tumezoea kuitumia kwenye mipaka ya mashamba.

Basi ukirudi nyumbani usianze kusimulia ya Karura sokoni. Mngoje mpwa aje likizo ya Desemba na raba zake na chupa zake za chuma, umwambie: zamu yangu. Pandeni matatu Bungoma mjini au Kanduyi, mshuke Webuye, mchukue boda na kupatana nauli kabla ya kukalia kiti. Nendeni asubuhi, pamoja na mwenyeji anayeyajua mawe yale, kwa sababu yanateleza na hakuna ngazi wala mlinzi wa kupiga filimbi. Bebeni gunia moja tupu, mlirudishe limejaa chupa. Mwacheni mpwa apige picha za visogo kadiri apendavyo. Lakini msisogelee ukingo mvua ikiwa imenyesha Cherang'any, hata kama Webuye jua linawaka: Nzoia huleta maji ya mbali bila kutoa taarifa.